Kadi Iliyonifanya Dada Yako

Mbinga mjini,
Jumamosi mchana.

Kandida mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ulistahili kuipata ukiwa darasa la tatu, siku ile uliporudi kutoka shuleni kifungo cha sare kimekatika, ukanieleza kwamba umepigana na yule msichana aliyekuita Jicho la Usipa. Ukaniuliza mbona surua ilishika jicho lako tu, na wajomba zako wadogo hawakushikwa hata mmoja. Nikakujibu, "Surua haichagui," nikaendelea kupepeta usipa wangu, hawa dagaa wa ziwani. Tangu hapo nimeianza barua hii sijui mara ngapi. Nikiandika mistari miwili naona mwandiko wangu, nasimama, kwa sababu yote ninayotaka kukueleza yalianza na mwandiko wangu huu huu ambao walimu waliusifu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda sekondari ya bweni. Sasa hivi umekwenda kijijini kuwaaga babu na bibi. Mdogo wako niliyemzaa huku mjini amelala. Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, daftari mapajani. Nitaitia barua hii kwenye bahasha ya kaki pamoja na fomu yako ya bima, na nitakuambia usiifungue mpaka basi lipite Kitai. Sio woga. Au basi, ni woga kidogo. Sitaki uisome mbele yangu halafu uanze kunihurumia kwa kuwa uso wangu umechoka. Uso umechoshwa na kupanda na kushuka Mbamba Bay na madumu ya usipa. Haya mengine hayahusiani na uso.

Ya kufua, ya kusali, ya kutoazimana nguo, utaambiwa na matroni. Mimi nina moja tu la kukuambia.

Hukuugua surua.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na sita, hilo unalijua. Baba yako alikuwa karani wa mizani wa kampuni ya watu binafsi, kipindi kile ushirika ulipoanza kuyumba na wanunuzi wapya wakaja na malori yao, kila mmoja na mizani yake na bei yake ya mdomoni. Msimu wa kahawa ulipokwisha aliondoka pamoja na mizani. Babu yako akanipeleka Chiwanda kwa shangazi yangu, huko chini ziwani, tumbo likue mbali na macho ya wanajumuiya.

Chiwanda ndiko ulikozaliwa na ndiko ulikopewa kadi ya kliniki. Ukiwa na miezi tisa ulishikwa kifua, ukapewa dawa ya maji. Siku ya pili midomo ikavimba, shingoni ngozi ikatoka malengelenge kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Mganga wa zahanati, mzee mmoja mpole, aliichukua kadi yako akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: SALFA ASIPEWE. Kisha akaniambia, "Binti, kadi inaweza kupotea. Wewe usipotee. Wewe ndiye utakayesema."

Nikasema, "Nimesikia, baba."

Nilisikia kweli. Naomba uelewe hilo kabla hujaendelea kusoma. Sikuwa mjinga wa jambo hili. Nililijua.

Tuliporudi Umatengo ulikuwa unatembea. Ukawakuta wajomba zako wadogo wanamwita bibi "mama" na mimi wananiita "dada Skola", na wewe ukaita hivyo hivyo. Hakuna aliyekufundisha. Na hakuna aliyekukataza, mimi wa kwanza. Ilikuwa rahisi. Nikienda kisimani na wewe mgongoni watu hawakuuliza.

Ndipo mambo ya hospitali yakabadilika. Matibabu yalikuwa bure tangu sijazaliwa, ghafla tukaambiwa kila mtu achangie. Watu wakawa wanaugulia ndani. Baadaye ukaja mfuko: kaya moja, kadi moja, inamlipia baba, mama na watoto wao walio chini ya miaka kumi na minane. Karani wa mfuko alitangaza atakuja kuandikisha ghalani siku ya kupima kahawa, na fomu zikagawiwa mapema ili watu wazijaze nyumbani.

Unajua kwetu mambo huamuliwa sengu, wanaume wa ukoo wakiwa wamekaa kwenye sinia moja. Jioni ile waliniita nikae pembeni na kalamu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Babu yako alikuwa anaamuru, mimi naandika.

"Skola, andika. Wewe, miaka kumi na sita."

"Baba, mimi nina kumi na tisa."

"Ukiwa na kumi na tisa unabaki nje ya kadi. Unataka kubaki nje?"

Mjomba wako Deo, kaka yangu, akacheka na tonge mdomoni. "Na akiwa na kumi na sita, huyu Kandida alimzaa akiwa na ngapi? Kumi na tatu? Baba, tutafungwa sote, mpaka na kuku."

Babu yako hakucheka. Alimeza kwanza. "Kandida ni wangu. Nani amelipa mahari hapa? Nionyesheni. Hakuna. Mtoto anakula sengu yangu, mtoto ni wangu. Andika: baba, mimi. Mama, mama yako."

Kandida, babu yako hakuwa anadanganya. Kwa mila yetu alikuwa anasema kweli tupu: mahari isipolipwa, mtoto ni wa baba wa binti, na anayekula kwako ni wako. Alisema kwa fahari. Mwanaume mwingine angekuita mtoto wa njiani. Ila fomu haikuuliza wewe ni wa nani, iliuliza nani alikuzaa, na mimi niliyeshika kalamu nilikuwa mtu pekee pale aliyesoma maneno yale na kuyaelewa. Nikaandika alivyosema. Umri wangu nikaukata, kisha kwa ajili ya umri huo uliokatwa nikakuhamisha wewe kutoka tumboni kwangu nikakuweka tumboni kwa bibi yako. Kwa kalamu. Wino ulikuwa wa bluu.

Chini ya jina lako kulikuwa na nafasi nyingine: dawa zinazomdhuru.

Hapo nilisimama. Nikiandika salfa, karani ataomba kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki imeandikwa juu kabisa: Mama, Skolastika, miaka kumi na sita. Na hiyo ni ya miaka mitatu iliyopita.

"Umefika wapi?" babu yako akauliza.

"Nimemaliza, baba."

Nikaandika "hakuna". Herufi sita. Zilikaa vizuri sana kwenye mstari. Kadi ya kliniki nikaitumbukiza kwenye mtungi wa mbegu za maharage.

Siku ya ghalani watu walikuwa wengi. Karani alikuwa kijana mtani. Akasoma fomu, akaniangalia juu mpaka chini. "Huyu ndiye kumi na sita?"

"Ndiye," akasema babu yako.

"Basi na mimi bado nanyonya." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akagonga muhuri. Nilitoka pale nimekuwa dada yako kwa maandishi, na nikaona tumeshinda.

Mvua za mwaka uliofuata ulichemka mwili. Siku ya pili ukaacha kula. Babu yako akakubeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata lori la mahindi. Hospitali, dirishani, amekaa nani? Karani yule yule. Akaichukua kadi, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama wa mtoto nani?"

"Huyu hapa," akasema babu yako, akimsogeza bibi.

"Bibi ingia. Samahani, mama. Mama ingia na mtoto. Dada mtu abaki mlangoni, wodini hakuna nafasi."

Nikabaki mlangoni. Niliona kila kitu. Sista alikupima, akaandika, akamwuliza bibi yako, "Mama, mtoto huyu ana dawa yoyote inayomkataa?"

Bibi hakuwa anajua. Ya Chiwanda yalikuwa hayasemwi nyumbani, na mimi sikuwa nimemweleza. Alichojua ni kwamba ukiwa mchanga uliwahi kuugua ngozi. Basi akageuza shingo akaniangalia mimi. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha, na karani, na babu yako ameishika kadi kwa viganja viwili kama anayepokea komunyo. Kwenye benchi walikaa watu watatu wa kijijini kwetu. Nikajisemea, nikifungua mdomo kadi inachanwa hapa hapa na wanatufukuza. Nikajisemea, labda dawa yenyewe si hiyo. Nikaangalia miguu yangu.

"Hana," akasema bibi.

Nimekuandikia kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa fupi. Muda wa mtu kuvaa kandambili.

Walikupa vidonge vya malaria, vile vipya vya wakati ule. Vilikuwa vya salfa.

Kesho yake jioni midomo ikavimba. Asubuhi iliyofuata macho hayakufunguka, na ngozi ya kifuani ilibaki kwenye shuka bibi alipokunyanyua. Ndipo nikapiga kelele. Nilipita katikati ya wodi nikapiga kelele, "Mimi ndiye mama yake! Mimi! Ni salfa, salfa inamkataa, imeandikwa, kadi ipo nyumbani!"

Sista akaniuliza polepole, "Ulikuwa wapi juzi?"

"Mlangoni."

Alinitazama, akageuka akakimbia kumwita daktari. Afadhali angenipiga.

Ulilala pale majuma matatu. Jicho la kulia lilirudi. La kushoto lilibaki na kovu kwenye kioo chake. Ndilo hilo unalolifunika na kiganja jua likiwa kali, ndilo waliloliita la usipa. Uliponiona siku ulipoweza kuona, uliniita dada.

Bibi yako aliniambia neno moja tu kuhusu siku ile, tukiwa tunafua shuka zako. "Nilikuangalia, Skola. Ungetikisa kichwa tu." Mpaka leo hajalirudia. Na ni babu aliyesema tuseme ni surua, ili mtoto asikue na kinyongo na ndugu zake. Nikakubali. Nikakubali tena! Unaona jinsi kukubali kunavyozoeleka.

Lakini hapo ndipo nilipokomea.

Kamati ya mfuko ilitukalisha ofisi ya kata. Mwenyekiti akainua fomu juu. "Nani aliandika hii?" Babu yako akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi."

"Mtu unajua kuandika vizuri hivi, unaandika uongo?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Na uongo unaandikika vizuri."

Watu dirishani wakaguna. Kadi ikafutwa. Bibi yako mwenye presha akakaa misimu miwili bila kadi, anachemshiwa majani. Hapo sikuwaelewa na sitawaelewa: mkono ulikuwa wangu, jicho likawa lako, presha ikawa ya bibi, na kamati ikaenda kula pilau. Niliwaambia hivyo hivyo. Babu yako aliniambia nimemvua nguo mbele za watu, nitafute pa kukaa. Nikatafuta.

Kabla sijaondoka nilirudi ofisi ile nikiwa peke yangu. Nikamwambia karani aniandikie kadi nyingine.

"Ya nani?"

"Yangu na mwanangu."

"Kaya lazima iwe na mkuu wa kaya."

"Ndiye huyu unayezungumza naye."

"Mkuu wa kaya ni mwanaume, dada. Au mjane. Wewe ni mjane?"

Ulimi uliniwasha nimwambie ndiyo, mjane wa mizani. Lakini nilikuwa nimetoka kulipia uongo mmoja. "Siyo mjane," nikasema. "Siyo mke wa mtu. Nimezaa. Andika."

Hakuandika siku hiyo. Akasema nirudi Jumanne. Nikarudi Jumanne, akasema fomu zimekwisha. Nikarudi. Ikawa wenzake wakiniona kwa mbali wanamwambia, "Mkuu wa kaya wako anakuja." Walinitania mpaka wakachoka wao. Mwishowe akachukua kalamu kwa hasira akaandika: Mkuu wa kaya, Skolastika. Mtegemezi, Kandida, binti yake. Dawa zinazomdhuru, salfa. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia, "Hapo kwenye binti yake, rudia." Akarudia.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani siku hiyo, na sikuona mwinuko hata mmoja.

Ningependa kukuambia kwamba tangu hapo sikukosea tena. Nilikosea. Nilishuka mjini kuanza biashara ya usipa, wewe ukabaki na bibi, na babu akakuandikisha darasa la kwanza kwa majina yale ya zamani, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kwenye daftari la kijiji. Nilipokuja kukuchukua na kukuhamishia shule ya hapa, majina yakaja na wewe. Kila mwisho wa mwaka naona kwenye ripoti yako jina la bibi mahali pa mama. Kila mwaka nasema mwakani nitarekebisha, mwaka huu nimechoka. Kuchoka nako kunadanganya, mwanangu. Mtu akichoka anaona kosa lililokaa muda mrefu limekuwa halali.

Jumanne iliyopita mjomba wako Deo alikuja. Unajua sasa ni mwalimu na mambo ya fomu ameyachukua yawe yake. Alikuwa na fomu ya bima ya wanafunzi iliyotoka shuleni kwenu, ameshaijaza yote. Mama: bibi yako. Dawa zinazomdhuru: hakuna.

"Skola, usianze," akasema kabla sijafungua mdomo. "Majina yamekaa sawasawa tangu darasa la kwanza. Hii ni ya bima tu."

"Ya bima tu?"

"Wakiona mama mwingine watasema huyu siye mtoto aliyefaulu. Wanamrudisha getini. Ndicho unachotaka?"

"Na hapa kwenye dawa?"

"Atajieleza mwenyewe akiugua. Mtoto mkubwa."

"Akiwa amezimia, kaka?"

Akanywa chai yake yote. Kisha akasema, "Tangu uhamie mjini umekuwa mkali."

"Nilianza kabla sijahama."

Alipoondoka niliichana ile fomu vipande vinne nikawashia jiko la mkaa. Ilishika haraka. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu wako, nikaomba nyingine tupu, nikaijaza kwa mwandiko huu huu. Ndiyo hiyo uliyonayo mapajani. Mama: Skolastika, miaka thelathini. Baba: nimeandika jina lake kamili, na kwamba hajulikani aliko, hakufa, kwa nini niandike amekufa? Salfa nimeiandika mara mbili, mahali pake na tena pembeni, wakasirike. Halafu nimekushonea kitambaa ndani ya kola ya sweta ya shule, nimedarizi: SALFA ASIPEWE. Wenzako watacheka. Waache wacheke, siku utakayokuwa huwezi kusema kola itasema.

Mwalimu mkuu alinionya kama Deo. Fomu hii haifanani na majina yaliyo kwenye karatasi za mtihani wako, na wanaweza kukukatalia getini mpaka nilete uthibitisho. Sikufichi. Unaweza kuteremka na tranka lako leo, wakakupandisha basi la kurudi kesho. Nafasi hii umeitafuta miaka saba, ukisoma na jicho moja linalouma. Najua nimeshika nini mkononi.

Lakini sikuhamishi tena tumbo, Kandida. Sikufanyi mdogo wangu ili upate kitanda bwenini. Wakikurudisha, rudi. Utanikuta stendi, nimevaa lile gauni la kitenge, tutapanda basi la pili pamoja, na nitakaa kwenye ofisi yao mpaka wajue jina langu kuliko la mkuu wao wa mkoa. Nina mazoezi.

Getini wakikuuliza mama yako nani, usiangalie chini. Usiseme utamwuliza babu. Kama kuna mtu anakusikiliza, kama wenzako wamesimama pale, kama inaonekana aibu, ndio hasa wakati wa kusema kwa sauti. Mimi niliona watu watatu kwenye benchi nikawahofia. Mmoja wao hata jina lake nimesahau.

Msamaha niliouomba pale juu ni wa kuchelewa kuandika. Wa jicho siuombi. Ni mkubwa mno kuombwa kwa karatasi, na sitaki uutoe kwa haraka kwa sababu uko ugenini na unanikumbuka. Kasirika kwanza. Umeambiwa surua miaka kumi, una haki. Ukimaliza kukasirika na mimi usimkasirikie bibi. Yeye aliuliza kwa macho, mimi ndiye niliyeona miguu. Na babu, hilo mtalizungumza ninyi wawili ukiwa mkubwa. Alikuita wake. Hakukosea mapenzi.

Kuna jambo jingine jipya. Bibi yako amekubali kuweka dole gumba kwenye kiapo mbele ya hakimu kwamba hakukuzaa. Aliniambia, "Nimemlea, hilo watalifutaje?" Babu bado. Nitampandia tena wiki ijayo, baada ya gulio. Kiapo kikipatikana napeleka kila kitu wilayani upate cheti cha kuzaliwa chenye majina ya kweli, kisha majina ya shule yafuate cheti, badala ya wewe kufuata makosa yangu mpaka uzeeni. Ndiyo maana sitaki unitumie salamu tu.

Mimi mama yako, niliyekuzaa Chiwanda,
Skolastika.

Ninavyohitaji unitumie, mpe kondakta wa basi la Mbinga, nitachukua stendi:

Picha ndogo nne, uso mbele. Usijigeuze kuficha upande wa kushoto, nataka macho yote mawili. Barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, ikitaja majina uliyoandikishwa nayo, hata kama ni yale ya uongo, hasa kama ni yale ya uongo. Kivuli cha fomu hii wakishaipokea, na jina la aliyeipokea. Ukipelekwa kwa daktari wa macho, karatasi yake yote, pamoja na usiyoielewa. Kila dawa utakayopewa huko, jina lake, umeandika mwenyewe. Na jibu la barua hii, kurasa zozote zitakazofika; kama "shikamoo mama" bado haitoki, iache, anza moja kwa moja na ulichonacho.